Mgonjwa wa Mazoezi

Nesi wa shule alikuwa na mume, na mume huyo alikuwa na mdomo. Si mdomo wa matusi, hapana, mdomo wa kutangaza. Kazi yake hasa ilikuwa kutunza stoo ya shule, madaftari na mifagio, lakini siku ya michezo ikifika alikabidhiwa maiki, na hapo hata kama umekaa nyumbani umefunga madirisha utajua nani anaongoza mbio na nani kavaa viatu vya dada yake. Wanafunzi walimwita Redio. Walimu nao wakamwita Redio. Mkewe akiwa na furaha alimwita Baba Watoto, na akikasirika alimwita Redio kama wenzake, ila kwa sauti nyingine kabisa.

Sasa huyu Redio alikuwa na ugonjwa wa moyo, na jambo hilo alilijua yeye, daktari wake na mkewe. Basi. Daktari alimwambia bila kumzungusha: "Moyo wako umechoka, mzee. Mapigo yanaweza kuvurugika wakati wowote. Dawa kila siku, jua upunguze, kelele upunguze." Redio aliitikia hapo kwenye dawa. Kwenye jua na kelele akajitia hamnazo. Walipotoka hadi kwenye korido, penye viti vya plastiki na mtoto wa watu anayelia, akamshika mkewe mkono.

"Mama Watoto, hili liishie hapahapa."

"Liishie hapa kivipi? Mdogo wako anafundisha hesabu palepale shuleni, mlango wake unatazamana na wangu. Wifi yangu nimfiche?"

"Huyo ndiye wa kwanza kumficha! Ukimwambia, kabla ya chai ya saa nne Mwalimu Mkuu keshajua, na maiki wamempa yule mwalimu wa jiografia anayeongea kama anasoma tanzia. Mimi bila maiki ni nani? Niambie."

Nesi alitaka kumwambia kwamba bila maiki angekuwa mume aliye hai. Lakini siri ya mgonjwa haitolewi, hilo alifundishwa tangu siku ya kwanza alipovaa gauni jeupe, na huyu mgonjwa alikuwa anamwangalia kwa macho yale aliyomwangalia nayo siku ya posa. Akakubali. Kisha akaingia chooni, akalia, akanawa uso, akatoka na hasira.

Hasira hiyo ndiyo iliyozaa mpango.

Kwa maana Nesi aliujua ule uwanja wa shule. Mwaka uliotangulia binti mmoja wa mbio ndefu alizidiwa na jua, akaanguka karibu na kona. Loo, ungeona! Uwanja mzima ulimkimbilia. Walikwenda wanafunzi, wakaenda wazazi na miavuli yao, akaenda na muuza barafu na kisanduku chake kichwani. Binti alizungukwa hadi hewa yenyewe ikakosa pa kupita. Gari lilipoitwa halikuingia, kwa sababu mlinzi wa lango la nyuma alikuwa ameacha lango na kufuli lake, ufunguo mfukoni, akaenda kuchungulia kama wenzake. Binti alipewa maji na chumvi na sukari, akaamka, akauliza kama ameshinda. Watu wakacheka, yakaisha.

Kwa Nesi hayakuisha. Tangu daktari aseme maneno yale, kila alipoukumbuka ule umati hakumwona binti katikati yake. Alimwona Redio.

Akaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Huyu alikuwa mzee mpole mwenye tai ya kila siku, asiyependa jambo lolote linaloanza na neno "vipi kama".

"Nesi, watoto wanakimbia, wanaanguka, wanainuka. Ndiyo michezo hiyo."

"Na asiyeinuka?"

Mwalimu Mkuu akakohoa, akasogeza kalamu zake, akaangalia dirishani kama vile jibu lingepita na baiskeli. Halikupita. Akasema haya, panga, lakini usiwatie watu hofu.

Jamani, alipanga! Aliwasumbua wahitimu wa zamani kwa simu mpaka wakachanga, wakanunua mashine ya kushtua moyo, kisanduku chekundu kinachotoa maelekezo chenyewe kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka na mtu. Akapuliza filimbi yake akasema: mkisikia filimbi ndefu, kila mtu anakaa chini pale alipo, awe mtazamaji, awe mkimbiaji, awe mzazi mwenye suti mpya. Wifi yake, mwalimu wa hesabu, atakimbiza kisanduku. Mwalimu Mkuu atapiga simu kuita gari la wagonjwa. Mlinzi atafungua lango la nyuma.

Huyo mlinzi ndiye aliyempa kazi kubwa. Kumwambia asichungulie ilikuwa sawa na kumwambia asipumue. Basi Nesi akamchukulia kiti, akakiweka langoni kimeelekea uwanjani, kisha akahamisha hema la mtangazaji kutoka kwenye mstari wa kumalizia hadi karibu na lango. "Sasa mambo yote yako mbele yako," akamwambia. "Chungulia ukiwa umekaa, mkono kwenye komeo." Mlinzi akafurahi kama kapandishwa cheo.

Redio hakufurahi.

"Hema huku? Wakimaliza mbio nitaona visogo tu!"

"Huku kuna kivuli."

"Na hiki kisanduku chini ya meza yangu?"

"Nacho kinataka kivuli."

Redio akamtazama mkewe kwa jicho moja, akaacha. Watoto Nesi aliwawaza pia, asionewe. Bandeji zilikuwepo kila kona, na maji, na machela. Lakini mtu mwenye macho angechora mstari kutoka kisanduku hadi lango, na mstari huo ungepita juu ya kiti cha mtu mmoja.

Yakabaki mazoezi. Kila Ijumaa baada ya masomo, na kwa mazoezi lazima apatikane mgonjwa. Wanafunzi wakaogopa kulala chini mbele ya wenzao. Walimu wakasema wana nguo nyeupe. Nani akajitolea? Redio! Nesi alitaka kukataa, lakini angekataa kwa sababu gani, mbele ya watu wote?

Na kuanguka kwenyewe, mwenzangu, alianguka kwa mbwembwe. Kwanza alishika kifua, kisha akashika mti, kisha akatafuta mahali penye nyasi laini, akajilaza kwa ubavu, huku jicho moja likichungulia nani analia. "Nakufa," alisema. "Mwambieni mke wangu asiolewe na mwalimu wa jiografia!" Shule nzima ilivunjika mbavu, mwalimu wa jiografia akiwemo.

Zoezi la kwanza lilikuwa aibu tupu. Wifi alikimbia kwa mwendo mzuri, akarudi anahema na kisanduku chekundu cha kuhifadhia medali. Mlinzi alifungua lango, akamruhusu mbuzi wa jirani kuingia. Nusu ya wanafunzi walikaa chini, nusu wakasimama kuwaangalia waliokaa.

"Wifi, utatuua kwa mazoezi kabla hatujaugua," mwalimu wa hesabu alilalamika akijipepea kwa daftari. "Huyu kaka yangu ana afya ya punda. Mpe hata siku moja apumzike kufa."

Nesi alicheka, kwa sababu ilibidi acheke. Ndani alijisikia mwizi. Huyu wifi ndiye aliyemshika mkono kwenye uzazi wake wote, leo anamficha habari ya ndugu yake wa tumbo moja.

Lakini Ijumaa zilivyopita watu wakanogewa. Filimbi ndefu ikilia, uwanja ulikaa chini kwa mara moja, fuu, kama shuka iliyotupwa kitandani. Wifi alikijua kisanduku hata gizani. Na Mwalimu Mkuu, yule asiyependa "vipi kama", ndiye aliyekolea kuliko wote. Kwa kuwa hospitali haiwezi kusumbuliwa kila Ijumaa, alikuwa anaweka simu sikioni hivihivi, imezimwa, anapaza sauti: "Haloo! Gari la wagonjwa? Lango la nyuma! Nasema la NYUMA, bwana!" Siku nyingine aligombana na huyo mpokea simu asiyekuwepo mpaka akatoa leso akajifuta jasho. Watoto walimpigia makofi, naye akainamisha kichwa kidogo kuwashukuru.

Siku ya michezo ikafika. Jua kali, bendera za karatasi, wazazi tele, spika mbili zimefungwa juu ya nguzo. Redio alivaa shati lake la bluu na kofia, akameza dawa mbele ya mkewe bila kuambiwa, akamkonyeza. Asubuhi yote alikuwa moto. Alimtangaza mkimbiaji wa mbio za magunia kama mfalme, akamtania Mwalimu Mkuu kuhusu tai yake, akamtumia salamu mama mkwe wake ambaye hakuwepo. Nesi alikaa hatua chache kutoka hemani, akimhesabia pumzi mumewe huku akimfunga bandeji mtoto aliyechubuka goti.

Zikaja mbio za kupokezana vijiti, fainali. Hapo ndipo kila mtu husimama, na hapo ndipo sauti ya Redio hupanda juu kuliko nguzo za spika.

"Wanakuja, wanakuja, kijiti hicho, kijiti kimeshikwa, huyo mdogo anapita kulia, anapita, jamani huyu mtoto kala nini leo, anapi..."

Spika zikatoa kishindo. Kisha zikatoa mlio mwembamba wa maiki iliyoanguka. Kisha kimya.

Watu wakacheka! Shule nzima ilimjua. Makofi yakaanzia kwa wanafunzi yakasambaa hadi kwa wazazi: Redio kafa tena, na safari hii kachagua fainali!

Nesi hakucheka. Mumewe siku zote huanguka kwa ubavu, polepole, akitafuta nyasi. Huyu alikuwa ameanguka kifudifudi kwenye udongo, mkono umekunjika chini yake, na kofia ilikuwa bado inabingirika. Akamfikia, akamgeuza. Macho hayakuwa yanachungulia mtu. Shingoni hapakuwa na mapigo. Kooni alitoa mkoromo mmoja mbaya, akanyamaza.

Nyuma yake vicheko vilikuwa vinapungua. Mzazi mmoja alikuwa ameanza kunyanyuka na kunyoosha shingo. Nesi akajua kabisa kinachofuata: mtu mmoja atapiga yowe, na uwanja wote utamwagika juu ya hema hili, na lango litazibwa na miavuli. Alitaka kupiga yowe hilo yeye mwenyewe. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Akaokota maiki.

"Wapenzi watazamaji," akasema, na hakuelewa sauti hiyo kaitoa wapi, "hili ni zoezi letu la dharura. Tunaomba kila mtu akae chini alipo. Asanteni."

Akapuliza filimbi, ndefu. Uwanja ukakaa. Wakimbiaji wakakaa kwenye njia zao na vijiti mkononi. Wazazi wakakaa wakinong'onezana kwamba shule hii imeendelea sana.

Nesi akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili katikati ya kifua cha mumewe, akaanza kukandamiza. Kwa nguvu, kwa haraka, kama alivyowafundisha wengine kwa kutumia mto. Mto hauna shati la bluu alilolipiga yeye pasi asubuhi.

Wifi aliwasili mbio na kisanduku, anacheka. Hakikuwa chini ya meza, Redio alikuwa amekisogeza mlangoni mwa hema apate pa kunyoosha miguu, lakini wifi alikuwa amekiona. "Kaka, leo umezidi, umekatisha fainali ya wa..." Akaiona rangi ya midomo ya kaka yake.

"Wifi," akasema taratibu. "Si ulisema ni zoezi?"

"Mkate shati. Fanya kama Ijumaa."

Mwalimu wa hesabu alikata shati. Mikono yake ilijua kazi: pedi moja ya kunata ya kisanduku juu kulia mwa kifua, nyingine chini kushoto. Yule mwanamke wa kisandukuni, asiye na haraka, akasema mgonjwa asiguswe. Wakainua mikono. Mwili wa Redio ukaruka, ukatulia. Endeleeni kukandamiza, akasema mwanamke.

Nesi akaendelea, na ndipo alipoinua macho akamwona Mwalimu Mkuu. Alikuwa amesimama pembeni ya hema, tai imenyooka, simu iliyozimwa sikioni, anapaza sauti kwa raha zake zote: "Haloo! Gari la wagonjwa? Lango la NYUMA, bwana, mara ngapi nikwambie?" Wanafunzi wa mstari wa mbele walikuwa wanamshangilia.

Uongo wake umeshika hadi mahali usipotakiwa kushika. Hakuna gari linalokuja. Akipaza sauti kumwambia, wote watasikia. Akinyamaza, mumewe atakufa katikati ya makofi.

"Wifi," akasema, hakuacha kukandamiza. "Nenda kwa Mkuu. Mwambie apige kweli. Usikimbie. Na tabasamu."

Mwalimu wa hesabu alisimama. Alijipangusa magoti. Alitembea mbele ya uwanja mzima, akitabasamu, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, na watu wakasema tazama mwalimu anavyoigiza. Akamnong'oneza Mwalimu Mkuu sikioni. Nesi aliona uso wa mzee yule ukibadilika, akaona vidole vyake vikitafuta kitufe cha kuwashia simu, vikikosa, vikitafuta tena. Aliposema "Haloo" ya pili, ilitoka ndogo sana, ya mtoto.

Kisanduku kikashtua tena. Nesi akakandamiza tena. Alikuwa anaongea sasa, hajijui: usiniache, usithubutu, Baba Watoto, nitakuua. Na katikati ya maneno hayo kifua kikapanda chenyewe. Kikashuka. Kikapanda. Akamwekea vidole shingoni na mapigo yalikuwepo, ya kusuasua, lakini yalikuwepo.

Hospitali haikuwa mbali. Mlinzi alikuwa langoni mwake na mkono kwenye komeo, na gari lilipiga kona likaingia moja kwa moja hadi hemani. Machela ilipopandishwa, uwanja mzima uliokaa chini ulipiga makofi. Mtu mmoja alipiga mluzi. "Redio! Redio!" waliimba wanafunzi. Nesi alipanda nyuma ya gari akiwa ameshika chupa ya dripu, na makofi hayo yakamsindikiza hadi nje ya lango.

Siku ya pili yake Redio alikuwa macho, amelala chini ya shuka ya hospitali, nyaya kifuani, sauti imebaki kidogo. Kidogo hicho alikitumia chote kulalamika kuhusu uji. Nesi alikaa upande mmoja wa kitanda. Mlango ukafunguliwa, akaingia wifi, ambaye tangu jana alikuwa hajamwambia Nesi hata neno la salamu.

Hakumwangalia Nesi. Alimwendea kaka yake.

"Daktari kaniambia unaumwa moyo muda mrefu. Wewe ndiye uliyemfunga mdomo huyu?"

"Mdogo wangu, nilikuwa naogopa maiki yangu atapewa mwalimu wa..."

"Nyamaza. Nakuuliza, unajua alichofanya jana?"

"Kaniokoa. Wameniambia."

"Hawajakuambia. Alitangaza kwamba ni zoezi." Sauti ya mwalimu wa hesabu ikapasuka. "Ili watu wasiwazibie njia. Ulikuwa umekufa, kaka, umekufa kabisa, na watu wanacheka. Wanakupigia makofi. Yeye amekupandia kifuani anakukandamiza, uwanja mzima unacheka, na hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia, kwa sababu wewe ulimkataza. Na mimi nilikuja nacheka."

Redio akafungua mdomo. Wote wawili walisubiri mzaha. Mzaha haukuja. Akageuza kichwa kwenye mto, akamwangalia mkewe, akaiangalia mikono yake iliyovimba kwa kukandamiza, na macho yakamjaa machozi.

Wifi alizunguka kitanda, akamvuta Nesi kichwa akakilaza tumboni mwake, akamshika hivyo. "Wifi yangu," akasema. "Wifi yangu jamani."

Simu ya Nesi ikaita. Alikuwa Mwalimu Mkuu. Alitaka kujua hali ya mgonjwa, na wazazi walikuwa wanauliza, na yeye mwenyewe hakujua awaambie nini.

Nesi akamwangalia mumewe. Redio akanyoosha mkono wenye bomba la dripu, akaichukua simu.

"Mwalimu Mkuu," akasema kwa sauti yake ile ndogo. "Mimi hapa. Hapana, nisikilize kwanza. Nina ugonjwa wa moyo. Ninao siku nyingi, na mke wangu alijua, na nilimkataza kusema. Waambie wote, walimu na wazazi. Na mwakani tafuta mtu mwingine wa kushika maiki, mimi nitakaa naye kwenye kivuli."

Mwalimu Mkuu alikuwa anauliza maswali, Redio alikuwa anayajibu moja moja, bila haraka. Nesi akasogeza kiti, akalaza kichwa pembeni ya kitanda, karibu na magoti ya mumewe. Kabla Redio hajamaliza kuongea, usingizi ulikuwa umeshamchukua.